Ndugu Mhariri, ile aya iliyojirudia ni ugonjwa wetu sisi mafundi wa programu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Nikizidisha urefu kata unapotaka, ila hapo kwenye kamati ya harusi usiguse maana ndo penye utamu.

Wiki iliyopita mlitoa habari ya maji hapa kwetu. Aya ya tatu inasema maji yatakatika Jumatano, nikashuka chini kidogo, aya ya tano ni ile ile neno kwa neno mpaka nukta, ila sasa maji yanakatika Alhamisi. Watu wamecheka sana, kwenye grupu la WhatsApp la mtaa mtu kapiga picha kaiweka na kuuliza hili gazeti linaandikwa na watu wangapi. Mimi sikucheka. Naandika programu za kompyuta huu mwaka wa kumi na moja na nilipoiona ile aya nilijua kilichotokea kama vile nilikuwepo chumbani kwenu: mwandishi kaandika kamtumia msaidizi wako, msaidizi karekebisha siku, muda huo huo mwandishi naye anaendelea kuchezea kopi yake, halafu mtu wa tatu usiku wa manane anafunga ukurasa ana mafaili mawili mkononi, macho mekundu, akaona bora yote yaingie kuliko kitu kikosekane. Sisi hiyo hali tunaiita mgongano. Na dawa aliyotumia huyo ndugu wa usiku ina kitufe chake kabisa kwenye programu zetu, kitufe cha kuchukua vyote viwili, ambacho kimeshanitia aibu kuliko kirusi chochote nilichowahi kukutana nacho.

Ngoja niweke sawa kitu kimoja, kodi nitakayoisema humu siyo ile ya TRA. Kwetu kodi ni yale maandishi ya kuiambia kompyuta ifanye nini, mistari na mistari, programu ya kawaida tu ya ofisini inaweza kufika mistari elfu hamsini kwenye mafaili mia kadhaa na watu watano wanaigusa kila siku. Watu watano wakigusa kitu kimoja lazima pawe na namna ya kujua nani kabadilisha nini na vyote vitakaaje pamoja, na kazi hiyo ina programu zake, za kulinganisha mafaili na za kuyaunganisha, ambazo kila mwaka nikipokea vijana wa fildi nakuta wanazijua majina tu.

Sasa aibu yenyewe. Tulikuwa vijana watatu tunatengeneza programu ya kikundi cha kuweka na kukopa. Palikuwa na mstari mmoja unaosema deni ni deni jumlisha riba. Mwenzangu akaubadilisha ili riba iwe ya mwezi badala ya mwaka. Mimi siku hiyo hiyo kwenye laptopu yangu nikaubadilisha mstari ule ule niongeze faini ya kuchelewa. Saa tano usiku nakutanisha kazi zetu, mgongano, laptopu chaji asilimia nane umeme umekata, nikabonyeza chukua vyote viwili nikalala. Programu haikulalamika hata kidogo, na italalamika nini wakati mistari yote miwili ni kodi halali? Inajumlisha riba, inashuka mstari wa chini, inajumlisha riba tena! Wiki ya pili mama mmoja muuza dagaa akaja na daftari lake la mistari, kapiga hesabu kwa kalamu ya bluu, akaliweka mezani akaniambia, "Mwanangu, hii kompyuta yako imenikopesha au imeniibia?" Nikasema mama nisamehe, nikakaa naye mpaka saa tisa tukapitia mkopo mmoja mmoja. Daftari lake lilikuwa sahihi lote.

Kosa langu pale halikuwa usingizi, niwe mkweli. Sikuelewa kuunganisha ni kitu gani. Nilidhani una faili A na faili B unachagua mazuri, na hapo sasa ndo nawaomba twende kwenye harusi.

Kamati ya harusi ina katibu mwenye orodha ya michango kwenye laptopu na mhazini mwenye orodha kwenye simu, zote zilitoka kwenye orodha moja ya kikao cha kwanza. Wiki tatu zimepita kila mmoja anaandika vyake. Kikao cha mwisho wanalinganisha, kwa katibu kuna mzee mmoja kaahidi laki moja, kwa mhazini hayupo. Haya niambie, katibu kamwongeza au mhazini kamfuta? Ukiwa na orodha hizo mbili tu huwezi kujua hata uwe profesa, mtabishana mpaka soda ziishe na mjomba wa bibi harusi ataingilia kwa sauti. Lakini atokee mtu mwenye ile orodha ya kikao cha kwanza, ubishi umeisha hapo hapo. Kama mzee alikuwemo toka mwanzo basi mhazini ndo kamfuta, pengine mzee kapiga simu kujitoa. Kama hakuwemo, katibu ndo kamwongeza, anabaki, na laki yake inahesabiwa. Mstari ni ule ule na tofauti ni ile ile ila maana zimepishana mbingu na ardhi, na kinachoamua ni karatasi ya zamani ambayo hakuna aliyeona haja ya kuja nayo.

Basi kuunganisha kodi ni hivyo, unalinganisha nakala tatu: nakala mama, ya kwako na ya mwenzako. Palipoguswa na mmoja tu chukua alichofanya, hakuna wa kumuuliza. Palipoguswa na wote kila mmoja kivyake, simama, hapo mashine haikuamulii, anatakiwa mtu anayejua kazi. Cha kushangaza Git, programu ya kutunza na kuunganisha kodi ambayo ndo karibu kila fundi anaitumia siku hizi, ikipata mgongano kwa kawaida inakuonyesha pande mbili tu, mishale saba juu, mistari yako, alama saba za sawasawa, mistari ya mwenzako, mishale saba chini, nakala mama haionyeshwi! Imekurudisha kwenye kikao bila orodha ya kwanza. Ukitaka uione unaandika mara moja tu kwenye kompyuta yako git config --global merge.conflictStyle zdiff3 (ipo toka toleo la 2.35 la mwaka 2022, mwenye toleo la zamani aandike diff3) na kuanzia siku hiyo ule mstari wa asili unakaa katikati unakutazama. Usiku ule ningeuona ningegundua sote tumetoka kwenye mstari mmoja, kwa hiyo ubaki mmoja wenye riba ya mwezi na faini humo humo, basi.

Wenye gazeti mtasema haya mambo mapya. Hayana upya. Programu ya diff, ya kuonyesha tofauti za mafaili mawili, ilitoka na toleo la tano la Unix, mfumo wa kuendesha kompyuta, mwaka 1974, kutoka Bell Labs kule New Jersey, Marekani, kazi ya Douglas McIlroy pamoja na James Hunt. Wazo lake ni kama makonda wawili wanaotaja vituo vya njia moja: unatafuta mfululizo mrefu kuliko wote wa vituo ambavyo wote wawili wamevitaja kwa mpangilio ule ule, hivyo havijaguswa, vilivyobaki kwa wa kwanza vimefutwa na vilivyobaki kwa wa pili vimeongezwa. Mwaka 1986 Eugene Myers akaandika njia yake ya kuufanya utafutaji huo uende haraka, na hiyo ndo Git inatumia mpaka leo usipoiambia vingine. Na kwa sababu mashine inatafuta mfululizo mrefu tu bila kuelewa inachosoma, kuna siku inakuambia umeongeza mabano ya kufungia sehemu ambayo hujagusa, siyo kwamba imeharibika, jaribu git diff --histogram mara nyingi utaona mistari imekaa vizuri zaidi.

Mtu ninayemheshimu zaidi hapa ni Larry Wall na patch yake ya mwaka 1985, yaani kabla hajatengeneza Perl, lugha yake ya programu. Diff inakupa orodha ya tofauti, patch inaichukua orodha hiyo na kuipaka kwenye faili la mwenzako huko aliko, hata kama faili lake limeshasogea mistari kadhaa yenyewe inatafuta pahala panapofanana inapachika. Sisi tunaonunua bando la siku ndo tunaelewa uzuri wake, faili la mistari elfu tatu umebadilisha minne, unatuma ile minne na majirani zake wachache kwenye imeli, mwenzako kijijini anapata kazi nzima. Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta ambao kodi yake ni wazi kwa wote, ilikua kwa kutumiana vipande hivyo kwenye imeli miaka ya 90, na mpaka sasa wanatumiana. Git yenyewe Linus Torvalds aliianzisha Aprili 2005 baada ya Linux kuachana na BitKeeper, programu nyingine ya kutunza kodi.

Na kulinganisha siyo kwa ajili ya kuunganisha tu, kunakamata wezi. Novemba 2003 kodi ya Linux ilikuwa inatunzwa kwenye BitKeeper, na pembeni kuna kopi kwenye CVS, programu ya zamani ya kazi hiyo hiyo, kwa wale wasiopenda BitKeeper. Mtu akaingia kwenye seva ya ile kopi akapachika mistari miwili. Ukiisoma haraka unaona inauliza kama mtumiaji ni namba 0, namba ya bosi wa kompyuta nzima, kumbe kwenye alama ya sawasawa kaweka moja badala ya mbili, na kwenye lugha ya C moja haiulizi, inaweka! Yaani ukipita pale kwa namna fulani anayoijua yeye, unageuka bosi. Herufi moja tu, na kwa macho ya kawaida ungepita kama ulivyopita mabango ya barabarani. Kilichomfichua ni Larry McVoy wa BitKeeper alipoona kwenye ile kopi kuna badiliko ambalo kwenye rekodi kuu halina asili.

Ya karibuni zaidi ni xz, programu ya kubana mafaili, mwaka 2024, hii nadhani hata nyinyi mliigusa. Andres Freund alikuwa anapima mambo yake ya PostgreSQL, programu ya kutunza data, akaona kuingia kwenye mashine kwa SSH, njia ya kuingia kompyuta iliyo mbali, kunachelewa kama nusu sekunde zaidi, akafukuzia, tarehe 29 Machi akawatangazia watu kwamba matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 yana mlango wa nyuma, yaani njia ya siri ya kumwingiza mwizi. Sasa sikiliza hii. Mzigo wenyewe ulifichwa ndani ya mafaili ya majaribio, lakini kipande cha kuuamsha, ndani ya faili linaloitwa build-to-host.m4, kilikuwa kwenye furushi la kupakua tu, kwenye hazina ya Git ambako watu wanasoma kodi hakikuwepo. Kila aliyekagua Git aliona shwari na waliojenga programu walitumia furushi. Ni nani mwenye tabia ya kuchukua furushi na hazina akaviweka ubavu kwa ubavu? Mimi mwenyewe sikuwa nayo, nimeanza baada ya hapo.

Halafu ile yenu ya aya kujirudia ina kaka yake maarufu. Februari 2014 Apple walitoa iOS 7.0.6 haraka haraka kwa sababu kwenye kodi ya kukagua vyeti vya usalama mstari wa goto fail ulikuwa umeandikwa mara mbili mfululizo. Wa kwanza una sharti juu yake, wa pili hauna, unaruka moja kwa moja na kuacha ukaguzi wa saini nyuma, kwa hiyo mtu aliye kwenye mtandao mmoja na wewe anaweza kujifanya benki yako na simu ikakubali. Mstari mmoja umejirudia. Nyinyi mmekatisha watu maji tu.

Nirudi kwa vijana wa fildi, maana ndo walionifanya nishike kalamu. Anakuja kijana mzuri, anajua lugha tatu za kompyuta, unafungua flashi yake unakuta folda inaitwa projekti, nyingine projekti final, nyingine final 2, nyingine FINAL KWELI. Nikimuuliza final na final kweli zinatofautiana wapi anacheka. Chuo kimemfundisha kuandika kodi miaka mitatu na hakuna aliyemkalisha hata mchana mmoja akasoma tofauti kati ya kodi mbili, wakati hiyo ndo nusu ya kazi atakayofanya maisha yake yote. Mimi dogo akija kwangu wiki ya kwanza haandiki kitu. Anasoma diff za wenzake, kila asubuhi ananieleza kwa mdomo jana kumebadilika nini na kwa nini. Wanachukia mno. Mwezi wa pili ndo hao hao wanaokamata bagi, yaani makosa ya kodi, kabla yangu.

Na kuna vitimbi lazima uvijue mapema. Kompyuta ya Windows inamaliza mstari kwa alama mbili zisizoonekana, Linux na Mac kwa moja, kwa hiyo mtu kafungua faili la mistari mia tisa kwenye Windows, kagusa mmoja, kasevu, diff inakuja nyekundu yote kama vile kaandika upya faili zima. Ukiona hivyo usimtukane, ongeza -w kwenye git diff ipuuze nafasi na hizo alama, utauona mstari wake mmoja, halafu weka * text=auto kwenye faili la .gitattributes ugonjwa usirudi. Ndugu yake ni hizi editori zinazojipangia kodi zenyewe ukisevu, badiliko la maana linazama kwenye mabadiliko mia tano ya nafasi na mabano, na anayekagua anachoka anasema sawa. Kupanga kodi kukomitiwe (kuhifadhiwa kwenye rekodi ya Git) peke yake na kazi ikomitiwe peke yake, kwangu hilo halina mjadala.

Kibaya kuliko vyote ni muunganiko usio na mgongano. Mimi nimebadilisha jina la fankisheni, kipande cha kodi kinachoitwa kwa jina lake, kwenye faili moja, mwenzangu kwenye faili jingine kabisa kaongeza mstari unaoiita kwa jina la zamani. Hatujagusana, Git inaunganisha kimya kimya bila swali, asubuhi programu haiwaki. Mashine inalinganisha mistari, maana haiijui, ndo maana baada ya kuunganisha lazima uendeshe majaribio hata kama kila kitu kimeenda laini. Na piga git diff --check kabla ya kukomiti, itakuambia kama umesahau ile mishale saba ndani ya faili, usicheke, nimeshaiona mishale kwenye tovuti ya wateja.

Za kutumia zipo na nyingi ni bure. Mwenye Windows achukue WinMerge. Kwenye Linux mimi natumia Meld, faili kushoto faili kulia na rangi zinaonyesha kilichohama, ukitaka tatu inaweka tatu. KDiff3 inaonyesha nakala mama na pande zote mbili na matokeo chini, sura yake mbaya ila kwa mgongano mzito sijaona ya kuishinda. Wanaoishi ndani ya Vim, editori ya zamani ya maandishi, wana vimdiff, hao waacheni walivyo. Beyond Compare ni ya kulipia, nzuri, mwenye nazo anunue.

Na nyinyi, Mhariri, hamhitaji hata hizo. Word mnayoandikia ina sehemu ya kulinganisha nyaraka mbili, ipo pale pale kwenye Review, inawatolea kila neno lililobadilika. Ila msije mkapewa na kijana wa kompyuta diff ya kawaida ya mistari, aya ya gazeti kwa mashine ni mstari mmoja mrefu, ukibadilisha Jumatano kuwa Alhamisi itakuambia aya nzima imefutwa na aya nzima imeongezwa, na yule ndugu wa usiku ataziona mbili atachukua zote. Pengine ndo kilichotokea. Anatakiwa aonyeshwe maneno, kwenye Git ni --word-diff. Na awekewe kopi ya kwanza ya mwandishi pale pembeni, ile ya kabla mtu yeyote hajaigusa.

Msimfukuze lakini. Mimi sikufukuzwa, nilibebeshwa tu daftari la yule mama kila mwisho wa mwezi kwa mwaka mzima nilinganishe na programu.

Na kwa taarifa yenu, mimi nilijaza ndoo Jumanne usiku kwa ajili ya Jumatano, nikajaza tena Jumatano usiku kwa ajili ya Alhamisi. Maji yalikatika Ijumaa.

Ni mimi msomaji wenu,
Fundi wa programu, Kanda ya Ziwa